Mwajabu wa Nyuma ya Mtumbwi

Ukitaka kumjua Mwajabu usimtafute kwenye picha za wageni. Picha ziko nyingi, zimebandikwa pale kambini kwa bwana Abdulkarimu, na katika zote utamwona mumewe, Nurdini, amesimama mbele ya mtumbwi, kifua nje, kafi mkononi, na furukombe, yule tai wa majini, juu ya mti mkavu nyuma yake. Mwajabu utamwona nusu. Pengine kiwiko, pengine pindo la kanga. Wapiga picha wanamkata. Mimi nilikuwa nikimwambia, "Shoga, wewe si wa kupigwa picha mkono tu," naye anacheka kidogo, kisha ananyoosha huohuo mkono aombe kitumbua.

Naitwa Tabu, na usiniulize nani alinipa jina hilo. Nakaanga vitumbua pale dikoni, mitumbwi inapofungwa, kwa hiyo haya ninayosimulia ama niliyaona kwa macho yangu, ama aliniambia mwenyewe huku akipuliza chai.

Ziwa letu ni moja ya yale ambayo Rufiji huyaacha nyuma mafuriko yakipungua. Ukitoka Kibiti kwa barabara ya Kilwa, kabla hujaliona daraja la Ndundu, unakata kuingia njia ya vumbi, na ukishakata tamaa umefika. Zamani hakuna aliyekuja kututazama. Alikuja Abdulkarimu kutoka Dar, mtu mpole, simu haimtoki sikioni, akajenga kambi ya mahema na kuleta kayaki. Ni vyombo vya plastiki, vyekundu na vya manjano, mtu mmoja anakaa miguu mbele, anapiga kasia lenye vichwa viwili. Sisi tunaviita maganda. Wageni huja masika yakishakwisha, kipupwe kinavuma na maji yametulia, wakaingia kwenye maganda yao na kuzunguka ziwa kutazama wanyama. Mbele yao hutangulia Nurdini na mtumbwi wa mti, na Mwajabu amekaa nyuma anaongoza, katikati birika, sufuria ya wali na mkungu wa ndizi.

Mtumbwi wa mti una kazi yake. Sisi hatuingii ziwani bila hodi. Nurdini hugonga ubavu wa mtumbwi kwa mpini wa kafi, ngo ngo ngo, akasema, "Hodi, mwenyeji!" kisha husubiri. Kiboko akisikia mti unagongwa huibuka kuvuta hewa, anapuliza, phuuu, nawe umeshajua yuko upande gani, unampisha. Ukiwa majini humtaji jina. Ni mwenyeji, basi. Wazee walisema ukimtaja umemwita, na mimi sina haja ya kujaribu kama walisema kweli. Plastiki ukiigonga inatoa mlio wa ndoo, na mwenyeji hajali ndoo.

Sasa jambo lenyewe ni hili: Nurdini alikuwa hasikii.

Ujana wake wote aliumalizia kwenye boti za mashine, kupeleka watu na mizigo vijiji vya delta, amekaa mkono mmoja juu ya mashine na sikio la kushoto limeielekea. Sikio hilo lilikufa kwanza. La kulia likalifuata polepole. Watu hawakugundua, maana Nurdini ni msemaji, na mtu anayesema bila kupumzika nani atajua kwamba hasikii? Ukimuuliza swali anakujibu la kwake. Tulidhani ni maringo. Hata mimi nilimnunia msimu mzima kwa sababu nilimwamkia akanipita.

Mwajabu aligundua majini. Siku hiyo Nurdini aligonga hodi, mwenyeji akapuliza kushoto kwenye matete, karibu kabisa, na Nurdini akaendelea kutazama kulia. Wageni wako nyuma wanamwangalia yeye kama imamu. Mwajabu hakutaka kumpigia kelele mbele yao. Akaegemeza paja upande wa kushoto, mtumbwi ukalala kidogo, na nyayo za Nurdini zikahisi. Akageuka, akamwona, akanyoosha mkono kuwapitisha wageni kulia. Usiku ule hawakulizungumza. Kesho yake hawakulizungumza. Ikawa ndiyo kazi: Nurdini anagonga, Mwajabu anasikiliza, mtumbwi unalala upande wa hatari, Nurdini anasoma kwa nyayo. Misimu ikapita hivyo, na baina ya mume na mke hakuna aliyesema neno.

Aliponieleza, nilimjia juu.

"Mwambie bwana Abdulkarimu," nikamwambia. "Siku moja mtamtosa mtoto wa watu."

"Nimwambie nini, Tabu? Pale mbele ya mtumbwi ndipo mahali pekee baba Warda anaposimama akawa mtu. Nikimtoa pale, nyumbani nitaishi na nani?"

"Utaishi na mzee asiyesikia, kama wenzio."

"Wenzangu wanalala," akasema.

Hilo la kulala ndilo lililokuwa likimmaliza. Mafuriko yakishapungua, sisi tunalima mlau kwenye tope lililobaki bondeni, mahindi na kunde, na mlau haulindwi na Mungu peke yake. Nguruwe wanakuja, ngedere wanakuja, na giza likiingia wale wenyeji wa ziwani wanapanda kula. Lazima mtu akae kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, asikilize, akisikia mabua yanavunjika apige debe mpaka waondoke. Nani atakaa dunguni kwa Mwajabu? Binti yao, Warda, ameolewa Mbagala. Nurdini hasikii hata bua, hata debe lenyewe pengine. Basi anakaa Mwajabu. Usiku anawapigia debe waondoke, asubuhi anapanda mtumbwi kuwagongea hodi watokeze wapigwe picha. Nilimtania kwamba viboko wenyewe hawamwelewi, wanamwona mama huyu hajui anataka nini. Alicheka mpaka akalia, na kilio kile hakikuwa cha kicheko.

Ndipo nikaanza kumtazama vizuri. Wageni hufika dikoni macho yamewatoka kwa furaha. Wameona mdiria akijitupa majini na kuibuka na dagaa mdomoni, wameona mnandi ametandaza mbawa juu ya kisiki akizianika, wameona mamba amelala ukingoni kinywa wazi na ndege anatembea karibu yake bila wasiwasi. Wanayasimulia kama nyimbo. Mwajabu anashusha sufuria. Kwake ngedere ni mwizi wa mahindi, kenge ni mwizi wa mayai, na mamba tusimseme, maana ana hesabu zake na ukoo wao. Si kwamba hapendi. Aliniambia zamani alimpenda furukombe, ile sauti yake asubuhi. Siku hizi akimsikia anajua tu kumekucha na hajalala.

Siku ya mkasa ilikuwa baridi, upepo mdogo, jua linapanda taratibu. Mwajabu alikuja dikoni moja kwa moja kutoka bondeni, tope limemkaukia miguuni. Wenyeji walikuwa wameingia shambani kwake mara nyingi usiku ule. Nilimpa chai, akaishika mpaka ikapoa.

"Usiende leo," nikamwambia.

"Nisiende, halafu?"

Wageni walikuwa mtu na mkewe, Wazungu, na dada wawili wa Dar. Mmoja wa hao dada alikuwa Faraja, msichana mchangamfu, amevaa jaketi jekundu la kuelea na kofia pana, ananunua vitumbua vyangu huku akinisifia mpaka nikamwongeza kimoja. Nurdini alikuwa amekwisha simama mbele, anaeleza habari za ziwa kwa sauti ya mtu wa mashine. Wakaondoka, mtumbwi mbele, maganda manne nyuma. Abdulkarimu alibaki kambini na simu yake.

Yaliyofuata nimeyasikia kwa Mwajabu na nikayasikia kwa Faraja, nayo yanalingana.

Walizunguka ziwa kubwa bila shida. Kisha wakafika kwenye mlango, njia nyembamba katikati ya matete inayotoka ziwa kubwa kwenda ziwa dogo. Hapo hugongwa hodi kila mara, kwa sababu wenyeji hupenda kujilaza kwenye mlango huo. Nurdini akagonga. "Hodi, mwenyeji!" Akasimama, nyayo zimetulia kwenye mti, akisubiri mkewe amwambie.

Mkewe alikuwa amelala.

Hakulala kwa kukusudia, masikini. Alisema jua lilimgusa mgongoni baada ya baridi yote ile, maji yakawa yanabembeleza mtumbwi, akafumba macho ili ayapumzishe kidogo. Kafi likamlalia mapajani. Mwili ukateleza taratibu, ukaegemea kushoto, na mtumbwi ukalala kushoto.

Nurdini akahisi. Akanyoosha mkono kwa heshima zake zote, akawapungia wageni wapite kulia.

Kulia kulikuwa na wenyeji, mama na mtoto wake. Walishapuliza. Faraja aliwasikia wazi kabisa, pumzi kubwa na pumzi ndogo nyuma yake, akadhani ndiyo maonyesho yenyewe. Halafu akaona maganda yao yanazidi kukaribia matete ya kulia.

"Mzee!" akaita. "Mzee, huku kulia kuna kitu!"

Nurdini hakugeuka. Aliendelea kupunga mkono, kulia, kulia.

"Mzee! Mzee, simama!" Sasa wanaita wote, na Wazungu wanaita kwa lugha yao. Anawapa mgongo, mkono unapunga.

Kelele zile ndizo zilizomwamsha Mwajabu. Alifungua macho akaona mapovu yanapanda kulia, yamejipanga mstari kuelekea ganda la manjano la Faraja. Akapiga ukelele kwa jina, jina lenyewe lisilotajwa majini, "Kiboko! Baba Warda, kiboko!" na mumewe, umbali wa mtumbwi mmoja, akawa anatazama mbele kwa utulivu kabisa.

Ganda liliinuka juu ya maji, likapinduka. Faraja akaenda upande wake, ganda upande wake, na yule mama akaling'ata ganda. Mwajabu hakungoja mtu. Alichoma kafi topeni, akasukuma nyuma yote ya mtumbwi ikazunguka, na mzunguko huo ndio uliomwangusha Nurdini akakaa kitako juu ya wali. Mtumbwi ukaingia kati ya msichana na yule mnyama. Mwajabu akamshika Faraja kwa ukanda wa jaketi, akamvuta ndani kama anavyovuta wavu, huku akigonga ubavu wa mtumbwi kwa ngumi na kusema, "Tunaondoka, mwenyeji, tunaondoka, tusamehe, tunaondoka." Yule mama alibaki na ganda lake kinywani, akaona halina utamu, akaliacha, akarudi kwa mtoto.

Waliporudi dikoni nilijua kabla hawajasema. Mtumbwi ulikuja na Mwajabu yuko mbele anapiga kafi, na Nurdini amekaa chini katikati na birika. Sijawahi kumwona Nurdini amekaa kwenye mtumbwi. Nyuma wanavuta lile ganda la manjano, lina matundu mawili, ngumi ya mtu mzima inapita. Nikamfunika Faraja kwa kanga yangu, nikampa chai, meno yanagongana.

Abdulkarimu alikuja mbio, na safari hii simu iko mfukoni. Alipoona ganda alikaa chini mchangani kabisa.

"Ilikuwaje, mzee Nurdini?"

Nurdini alikuwa anamtazama mdomo. Nilikuwa sijawahi kulitambua hilo, kwamba anatazama midomo. Kisha akamgeukia mkewe, kama alivyozoea, amsubiri yeye.

"Tulimwita," Faraja akasema taratibu. Hakusema kwa ubaya, alisema kwa mshangao. "Tulimwita sote, tukapiga kelele. Hakugeuka hata kidogo."

Watu wa dikoni ni watu wa maneno, lakini siku hiyo hata mafuta yangu niliyaona yana kelele, nikaepua karai. Kila mtu alikuwa anarudisha nyuma akili: salamu isiyoitikiwa, swali lililojibiwa lingine, maringo ya miaka. Niliona aibu. Nilimwonea huruma Nurdini, na zaidi nikamwogopea Mwajabu, kwa sababu alichokuwa akikificha kwa mwili wake muda wote huo kilikuwa kimelala pale mchangani pamoja na lile ganda.

Mwajabu alimwendea mumewe akasimama mbele yake, uso kwa uso, amwone mdomo vizuri.

"Husikii, baba Warda."

Alisema neno moja moja, kama anamfundisha mtoto sura. Nurdini aliinamisha kichwa. Hakukataa. Alitazama nyayo zake.

"Mtumbwi ulilala kushoto," akasema. Sauti ya mashine ilikuwa imekwisha, hii ilikuwa ndogo. "Mama Warda, wallahi mtumbwi ulilala kushoto."

"Mtumbwi haukulala. Nililala mimi."

"Ulilala?"

"Nilisinzia. Nimechoka, mume wangu. Silali dunguni, silali nyumbani, nimelala ziwani."

Nurdini alimtazama mkewe. Alitazama tope miguuni mwake, akatazama macho. Nadhani misimu yote ile alikuwa akimtegea nyayo tu, macho amewapa wageni.

"Mbona hukuniambia umechoka?"

"Nilikwambia," Mwajabu akasema. "Nilikwambia mahindi yakiwa magotini, nikakwambia yakiwa kiunoni. Hukusikia."

Mimi niligeuka kutazama karai. Kuna maneno ambayo hata shoga wa mtu hatakiwi kuyatazama usoni.

Abdulkarimu, tumpe haki yake, hakumfokea mtu. Alisema tu kwamba mzee hawezi kusimama mbele tena, na Nurdini akasema, "Najua," kabla hajamaliza, kwa sababu mdomo ulishasema. Halafu Abdulkarimu akamgeukia Mwajabu. Akamwambia ameona alivyofanya, msichana amemweleza, basi wageni wengine wanakuja kesho kutwa, na yeye angependa Mwajabu ndiye asimame mbele, agonge hodi mwenyewe na asikilize mwenyewe. Wanawake wa dikoni wakapiga vigelegele. Mmoja akapaza sauti kwamba sasa picha zitamwonyesha mzima.

Mwajabu hakufurahi. Nilimwona. Alilipokea neno lile kama mtu anayetwishwa ndoo nyingine kabla hajaitua ya kwanza. Alitaka kazi imtoke, na kazi ilikuwa imemsogelea mbele.

"Bwana Abdulkarimu," akasema, "nitakujibu nikiamka."

"Ukiamka lini?"

"Nikiamka."

Akaanza kupanda njia ya nyumbani. Hapo Nurdini akainuka, suruali nyuma imejaa wali, akamkimbilia, akanyoosha mkono mbele yake.

"Nipe debe," akasema.

"Debe la nini?"

"La dunguni. Leo nalinda mimi."

"Utawasikiaje, baba Warda? Watakula shamba lote wewe umekaa juu unatazama mwezi."

"Sina haja ya kuwasikia," Nurdini akasema. "Nitapiga tangu magharibi. Nitapiga bila kuacha."

Mwajabu alimtazama, akataka kubisha, nikauona ubishi ukimpanda mpaka kooni na kuishia hapo kwa kukosa nguvu. Akamwambia debe liko wapi. Akaenda kulala jua likiwa bado liko juu.

Na Nurdini alipiga. Alianza baada ya sala ya magharibi, na kwa kuwa yeye mwenyewe hasikii, alipiga kwa nguvu zote za mtu wa mashine. Sitaki kueleza usiku ule. Mbwa walibweka mpaka wakachoka. Wageni kambini walidhani kuna ngoma, wakauliza ni sherehe ya nini. Hakuna kiboko aliyethubutu kupanda bondeni, wala nguruwe, wala panya. Kijiji kizima tulikesha, isipokuwa mtu mmoja.

Asubuhi Abdulkarimu alifika dikoni macho mekundu, akakaa kwenye benchi langu, akaomba chai.

"Mama Warda amesemaje?" akaniuliza.

"Bado amelala," nikamwambia. Nilipita kwake alfajiri, nikachungulia. Alikuwa amelala chali na tope lake miguuni, mdomo wazi, amelala usingizi wa mtu aliyeutafuta kwa muda mrefu. Nikaegesha mlango, nikaja zangu.

Debe lilikuwa bado linalia huko bondeni. Jua limeshapanda, wenyeji wamesharudi majini zamani, hakuna wa kufukuzwa tena, na Nurdini anapiga tu. Mtu mmoja pale dikoni akasema haya basi, aende mwenye miguu akamwambie mzee kumekucha, aache. Tukatazamana. Abdulkarimu akanywa chai yake. Hakuna aliyekwenda.